Elpidius na Wimbo wa Siku ya Msiba

Asubuhi ile Nolasco anakata roho, jirani yake Elpidius Ndyamukama alikuwa amesimama uani kwake, gitaa kifuani, anagombana na binti yake.

"Mackrine, unakimbia! Unakimbilia wapi? Huu si mchakamchaka wa shule."

"Nakufuata wewe, baba. Wewe ndiye unayekimbia."

"Mimi? Wimbo huu nimeuimba wewe hujazaliwa. Haya, tuanze upya."

Wakauanza upya. Spika mbili mpya zilikuwa zimepangwa mbele ya mlango, zimeelekezwa kwenye migomba. Kwa kawaida bendi ilifanya mazoezi ndani, kwenye stoo ya zamani ya kahawa ambayo kuta zake zilibandikwa trei za mayai na magodoro yaliyochakaa, maana majirani walilalamikia kelele mpaka wakachoka wenyewe. Lakini kesho yake kulikuwa na harusi Isingiro, huko Kyerwa, na spika usiyoijaribu nje huwezi kuijua tabia yake. Basi zikatolewa, sauti ikafunguliwa mpaka mwisho, na wimbo wao wa siku zote, "Nakuja Polepole", ukapigwa, ukarudiwa, ukarudiwa tena.

Ng'ambo ya mtaro, kwenye kibanja cha Nolasco, filimbi ya chama cha kuzikana ikalia. Wanawake wakaangua kilio. Watu wakaacha majembe shambani wakaanza kumiminika, maana pale kijijini Rugu mtu akifa hakuna anayelima mpaka azikwe, wala redio haiwashwi, hata mlevi anaimbia tumboni. Elpidius hakusikia. Mackrine hakusikia. Privatus, mpiga besi, ambaye ni fundi pikipiki kule Rubwera na masikio yake ameshayauza kwa injini, huyo ndiyo kabisa.

Aliyeona kwanza ni Mackrine. Aliona wanawake wakipita kwenye migomba, kanga kiunoni, mikono kichwani. Akaacha kupiga. Elpidius akageuka kwa hasira, "Sasa umeacha kwa nini?" na papo hapo akamwona Adelard, mwenyekiti wa chama cha kuzikana, amesimama kwenye kona ya nyumba na kofia mkononi.

Adelard hakupaza sauti. "Nolasco amefariki," alisema. "Watu wanalia, na wewe unampigia muziki. Umefurahi sasa?"

Elpidius alikimbilia kuzima spika. Alipogeuka, Adelard alikuwa ameshazama kwenye migomba.

Ili ujue swali lile lilivyomkata, inabidi ujue Elpidius na Nolasco walikotoka.

Elpidius ni mtoto pekee wa Sperancia, mjane wa hapo hapo Rugu aliyemkuza kwa kahawa na ndizi. Alipokuwa shule ya msingi, katekista wa kigango alikuwa na redio iliyoshika stesheni za ng'ambo ya mpaka, na kila Jumapili mchana stesheni moja ilipiga nyimbo za Wazungu za gitaa, za taratibu, mwimbaji anaimba kama aliyeambiwa mtoto amelala chumba cha pili. Mtangazaji aliziita roki laini. Elpidius hakuelewa hata neno moja, lakini alisimama chini ya dirisha la katekista mvua ikimnyeshea, mpaka mama yake akaja kumfuata na fimbo. Sperancia alimkuta mtoto analia. Fimbo akaitupa. Mwezi ule ule akamtoa mbuzi wake mwenye mimba, akamwagizia mwanawe gitaa la mbao kutoka Bukoba.

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mbuzi mwenye mimba! Kwa sanduku la nyuzi! Sperancia, mwanamke mwenye ulimi, aliwajibu kwamba mbuzi wao wataliwa sikukuu moja waishe, wake atalia miaka yote.

Na kweli gitaa lile lililia. Elpidius na rafiki yake Nolasco, aliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza, wakaanzisha Rugu Laini Bendi. Nolasco alijitengenezea drams mwenyewe kwa mapipa, ngozi za ng'ombe na vifuniko vya magurudumu ya lori. Alikuwa na namna yake ya kupiga. Ulipotarajia pigo lije, halikuja, na ulipoanza kuwa na wasiwasi kwamba amesahau, likaja, dogo, limetua mahali pake. Watu walijikuta wanainama mbele kulisubiri. Walipiga kwenye harusi, komunio ya kwanza na sikukuu za parokia, kuanzia Rugu mpaka Isingiro, vyombo vimefungwa kwenye baiskeli na betri ya lori nyuma. Walitaniwa sana. Wakaitwa wauguzi, kwamba muziki wao unafaa kuchezewa mgonjwa wa wodini. Lakini maharusi walilia, na wazee waliosema hawapendi muziki wa vijana waliomba urudiwe. Wimbo wao mmoja ulipigwa redioni kwa muda wa wiki hivi, kisha redio ikawasahau. Ukivuka mipaka ya Karagwe na Kyerwa, nakwambia, hakuna amjuaye Elpidius. Hata ndani ya mipaka hiyo wengi humwita "yule wa gitaa".

Bendi ile ilikufa Krismasi moja pale Rubwera, Kyerwa ikiwa ndiyo kwanza imekuwa wilaya. Uwanja umejaa, viongozi mbele kwenye viti vya plastiki, na mtu amemnong'oneza Elpidius kwamba kuna mgeni wa studio ya Mwanza. Basi roho ikamruka. Katikati ya "Nakuja Polepole", Nolasco akalizuia pigo lake kama kawaida yake, na Elpidius akaona mgeni wa Mwanza ataondoka kabla wimbo haujafika popote. Akausimamisha wimbo. Akasema kwenye maiki, mbele ya watu wote wale, "Nolasco, amka! Unanichelewesha tangu tumeanza maisha!"

Uwanja mzima ukacheka. Viongozi wakacheka. Nolasco alivilaza vijiti vyake juu ya ngoma, akavipanga vizuri, akavitia mfukoni, akasimama, akaenda kudandia lori la ndizi lililokuwa linarudi Karagwe. Mgeni wa Mwanza, kumbe, alikuwa ni mnunuzi wa maharage.

Tangu siku hiyo wanaume wale wawili hawakusemeshana. Vibanja vyao vimetenganishwa na mtaro mtu anaouruka bila kukunja suruali, lakini wakikutana mmoja anatazama kahawa, mwingine anatazama juu kama anayekagua mvua. Elpidius aliunda bendi ya pili, Ukungu, huko huko Rubwera, nayo ikafa siku mwenye baa alipowaambia wapige kitu cha kuruka au wafungashe, wakafungasha. Akarudi nyumbani, akamfundisha binti yake ngoma, akamchukua Privatus, akalifufua jina la Rugu Laini. Mara ngapi alijaza kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, akakusudia kuvuka mtaro kwenda kusema nisamehe! Anafika kwenye mtaro, anasikia kile kicheko cha uwanjani, anaona aibu, anageuza. Rubisi anakunywa mwenyewe. Alisikia Nolasco anaumwa figo. Alisikia hainuki tena. Akasema atakwenda baada ya harusi ya Isingiro.

Huyo ndiye mtu aliyekufa wakati Elpidius anapiga muziki nje kwa spika mpya. Nani angeamini kwamba ni bahati mbaya?

Siku ya maziko alikwenda, jembe begani, mkewe Benitha nyuma yake na mkungu wa ndizi kichwani. Vijana wa chama wakawasimamisha kwenye lango. Adelard akaja na kamati yake. "Elpidius, kikao kimekaa. Umetengwa, wewe na nyumba yako. Utaleta mbuzi, utaleta dumu la rubisi, utapiga magoti mbele ya wafiwa. Na lile gitaa utalileta. Lilitukana msiba, litakaa kwangu."

"Sikusikia filimbi, mwenyekiti. Naapa, sikusikia."

"Kijiji kizima kimesikia. Masikio ya mwanamuziki ndiyo yakashindwa?"

"Spika zilikuwa..."

"Rudi nyumbani."

Asiyeijua adhabu ile atasema, kutengwa tu? Subiri ikupate. Benitha alipofika mashineni na mahindi yake, mwenye mashine aliuzima mtambo akajifanya anatafuta spana mpaka Benitha alipoondoka. Dukani chumvi ikaisha ghafla. Mackrine alimsalimia bibi mmoja njiani, "Shikamoo bibi," na bibi yule, aliyemkata kitovu, akatazama kando midomo ikimtetemeka. Anayekusemesha naye anatozwa mbuzi. Harusi ya Isingiro ilishatafuta watu wengine, habari zilifika kabla ya bendi.

Lakini hayo yote Elpidius angeyabeba. Asilolibeba ni mama yake. Sperancia alikuwa amelala chumba cha mbele, miguu imemvimba, moyo umechoka, daktari ameshamwambia mwanawe kwa lugha ya adabu kwamba ampeleke nyumbani akampumzishe. Na aliyetengwa hazikiwi mtu. Hakuna atakayechimba, hakuna atakayebeba, hakuna atakayechota maji. Bibi huyu alichangia chama kile tangu kilipoanzishwa, alipika kwenye kila msiba wa kitongoji, na sasa mwanawe anakaa kitandani kwake anamsikiliza pumzi, anajiuliza nani atamzika.

Alipeleka mbuzi na rubisi. Adelard alivirudisha. "Gitaa liko wapi?"

Akaenda kwenye mtaro. Mjane wa Nolasco, Joviana, alikuwa anachagua kahawa kwenye mkeka, kitambaa cheusi kichwani. "Shemeji," Elpidius aliita kwa sauti ndogo. "Pole. Mungu anajua sikusikia. Kama ungewaambia neno moja tu..."

Joviana aliinua uso. Alimtazama kwa muda, mdomo ukafunguka kama mwenye jambo la kusema. Kisha akaukunja mkeka na kahawa yake ndani, akaingia nyumbani akafunga mlango. Elpidius akajua huyo naye kamhukumu.

Mama yake alikuwa amesikia habari yote. "Mbuzi wape," alisema. "Rubisi wape. Magoti piga, magoti hayapungui. Lakini gitaa usiwape."

"Mama, ni mbao tu."

"Mbao? Mawe! Huyo ni mbuzi wangu. Nilimtoa na mimba yake, nikachekwa Rugu nzima, leo Adelard akamtundike ukutani? Mimi nitazikwa tu. Hakuna aliyewahi kuachwa juu ya ardhi."

"Watakuacha, mama. Huwajui."

"Mimi siwajui? Adelard mimi nilimbeba mgongoni, alinikojolea." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na Elpidius akamshika mabega mpaka kilipopita. Mabega yalikuwa mepesi kuliko alivyoyakumbuka, akaogopa.

Jumatano Sperancia hakula. Alipolala mchana, Elpidius alilifunga gitaa kwenye kitenge cha Benitha, akalipeleka kwa Adelard kwa njia ya nyuma kama mwizi. Gitaa lile lile la Bukoba, lililotiwa umeme na kubadilishwa shingo, lakini tumbo lake ni lile lile. Adelard akalitazama, akalitundika kwenye msumari, kati ya jembe na panga.

"Kamati itakaa Jumapili baada ya misa," alisema. "Tutakufungulia."

"Mama anaweza asifike Jumapili."

"Taratibu ni taratibu. Mwambie asali." Adelard alilisikia neno hilo likimtoka, na hata yeye akaona lilivyo baya, akajishughulisha na kofia yake. Lakini hakulirudisha.

Kesho yake alasiri Sperancia aliamka akili imemtulia kabisa. Akaomba maji, akasema, "Nipigie ule wenu na Nolasco."

Elpidius alijifanya anamrekebishia blanketi. "Uzi umekatika, mama."

"Nyuzi zote?"

Elpidius alimsogezea kikombe cha maji. Mama yake akamtazama, akatazama kona ambako gitaa husimama. Pale palikuwa na ufagio. "Umewapa mbuzi wangu," alisema. Akageukia ukutani. Elpidius alikaa pale pale kwenye kigoda, mwanaume mzima mwenye mvi, analia bila kelele. Baadaye mkono wa bibi ukatoka chini ya blanketi ukamtafuta, ukampata goti, ukabaki hapo.

Alifariki Ijumaa asubuhi, chai bado iko jikoni.

Benitha na Mackrine waliangua kilio. Kilio kikapita kwenye migomba, kikavuka mtaro, kikaenda. Hakuna kilichojibu. Filimbi haikulia. Elpidius alisimama mlangoni anasikiliza, na alichokisikia kilimfanya aushike mwimo wa mlango: majembe. Kwenye mashamba ya pande zote watu walikuwa wanalima. Ko, ko, ko. Moja lilisita, labda lilisita kwa sababu ya kilio, kisha likaendelea. Tangu azaliwe hajawahi kusikia jembe Rugu maiti ikiwa ndani. Hasira zilimpanda mpaka macho yakaona giza. Alitaka kwenda kuwatukana mmoja mmoja. Badala yake akaingia ndani, akatoa jembe na sururu, akampigia simu Privatus.

Privatus alikuja na pikipiki mbio kutoka Rubwera. Yeye ni mtu wa Muleba, hayumo kwenye chama cha Rugu, hakuna wa kumtoza mbuzi. Wakaanza kuchimba wawili, ndani ya kibanja, ubavuni mwa kaburi la baba yake Elpidius. Ndani Benitha na Mackrine walimwosha bibi peke yao. Katekista alipitia, akasema atarudi alasiri kusali, akalitazama shimo, akaongeza kwamba kusali ni wajibu wake ila kuhusu kuchimba kijiji kina utaratibu wake. Elpidius alimwangalia, akaendelea kuchimba. Mtoto wa yule katekista wa redio, huyo.

Udongo wa juu ulikuwa mwepesi. Chini yake kukawa na mawe. Mikono ya Privatus imezoea spana, si mpini, malengelenge yakapasuka, akafunga vitambaa akaendelea. Jua likapanda. Shimo halijafika hata mapajani, na mwili katika joto lile hausubiri. Elpidius akapiga hesabu kichwani, akaona hawatamaliza. Alasiri itafika, katekista atasali juu ya karai. Mama yake atalala mahali kina chake ni cha kuzikia mbwa. Akapiga sururu kwa nguvu, ikagonga jiwe, mpini ukapasuka. Akaketi kwenye ukingo wa shimo, akashindwa kuinuka.

"Sogea."

Alikuwa Joviana. Ameuruka mtaro, kitambaa cheusi kichwani, jembe la Nolasco mkononi. Akavua kandambili zake, akaziweka pamoja juu ya jani la mgomba, akashuka shimoni.

"Shemeji, toka!" Elpidius alishtuka, akasimama. Mwanamke hachimbi kaburi. Mjane aliye kwenye msiba wake ndiyo kabisa, hilo halijawahi kuonekana. "Toka tafadhali, watasema nimekuroga. Utaniongezea kosa juu ya kosa."

"Nimesema sogea."

Akalima. Alilima vizuri, kwa mapigo ya mtu aliyelima maisha yake yote. Mtoto aliyekuwa anapita na ndoo akaona, akaacha ndoo, akakimbia. Haukupita muda njia ya migomba ikajaa watu, wamesimama mbali, mikono midomoni. Wanaume wakaitana. Adelard akaja anahema.

"Joviana! Umerukwa na akili? Mwanamke hachimbi kaburi! Toka humo!"

"Nitatoka ukiingia wewe."

"Unamchimbia mtu aliyemchezea mumeo?"

Joviana akaacha kulima. Akauegemea mpini, jasho linamtiririka mpaka kidevuni. "Alikuwa hai," alisema.

"Nani?"

"Nolasco. Muziki ulipoanza alikuwa hai. Mimi ndiye niliyekuwa naye, si wewe, si kamati. Alikuwa amefumba macho siku ya pili ile, hasemi, hali. Muziki ulipoanza akafumbua. Akaniashiria nifungue dirisha. Nikafungua. Akausikiliza wote, vidole vyake vinagonga blanketi. Waliporudia, akausikiliza tena."

Adelard akasema, sasa kwa sauti ya chini, "Kwa nini hukusema, waitu, mwenzetu?"

"Nani aliniuliza? Mlikaa wanaume peke yenu, mkanywa rubisi ya msiba wangu, mkahukumu kwa jina langu. Nani alibisha mlango akasema, Joviana, ilikuwaje?" Sauti ikampasuka. "Na mimi nilikuwa na hasira, ndiyo, nazisema. Nimemwogesha mwaka mzima. Nimemlisha uji kwa kijiko. Siku ya mwisho ananishika mkono, ananivuta, nikasema sasa, sasa ananiaga. Nikatega sikio. Mnajua alisema nini?" Akamgeukia Elpidius. "Alisema, 'Anakimbia. Mwambie Elpidius apunguze.' Akafa. Hilo ndilo neno langu la kuagwa! Si mimi, si watoto. Ngoma! Nikaona kumbe miaka yote ile ameninyamazia pembeni, alikuwa anakuwaza wewe. Sikuona kwa nini nikuletee zawadi hiyo mlangoni. Nikasema, acha aumie. Leo asubuhi nimesikia majembe."

Elpidius alikuwa amesimama ndani ya kaburi la mama yake, udongo mpaka kwenye nyusi. Kitu kilimpanda kutoka tumboni, akafikiri ni kilio, kikatoka kicheko. Alicheka. Akasema, "Nolasco, mshenzi wewe," akacheka tena, halafu akaketi kwenye ukingo wa shimo, akalia kwa sauti, kilio ambacho tangu asubuhi hakikuwa kimepata njia. Anakimbia. Apunguze. Alikuwa na haki. Uwanjani pale Rubwera Nolasco alikuwa na haki, na kila siku baada ya hapo.

Majembe ya mashambani yalikuwa yamenyamaza. Hakuna aliyejua yalinyamaza saa ngapi.

Adelard alivua koti, akalikunja, akaliweka juu ya kandambili za Joviana. Akashuka. Akalichukua jembe mikononi mwa mjane bila kumtazama usoni. "Bibi Sperancia alinibeba mgongoni," alisema, kama mtu anayejisemesha. Akaanza kuchimba. Wanaume wengine wakaruka mtaro, mmoja, wawili, kisha wote, wakamtoa Privatus na mikono yake ya damu, wakamketisha kivulini. Wanawake wakaingia ndani kwa Benitha. Kwa mbali, kwa kuchelewa kabisa, filimbi ya chama ikalia.

Kina kilikuwa kimefika na kupita katekista aliporudi.

Siku ya kuanua matanga Adelard alilileta gitaa mwenyewe, kwenye kitenge kile kile, akalikabidhi kwa mikono miwili mbele za watu. Hakuomba radhi kwa maneno, si mtu wa hivyo, lakini mbuzi aliyechinjwa siku ile alitoka kwake. Kisha Joviana akavuka mtaro na kitu kimefungwa kwenye karatasi. Vilikuwa vijiti vya Nolasco, vimeng'aa kwa jasho la zamani. Akampa Mackrine. "Wimbo upigwe," alisema. "Mimi ndiye mfiwa, mimi nasema upigwe."

Spika waliziacha ndani. Mackrine alikaa nyuma ya drams pale uani, uso umemkakamaa kwa woga, Benitha na Joviana wamekaa kwenye mkeka mmoja. Elpidius alikaza nyuzi. Akaisogelea ngoma, akainama kwa binti yake.

"Leo usinifuate mimi," alisema. "Mimi nakimbia. Nizuie."

Akaanza gitaa. Watu wa Rugu, waliomwita muuguzi, walisogea karibu. Alipofika mahali pale, pale pale alipousimamisha wimbo Krismasi ile, akavuta pumzi aingie na sauti, na pigo halikuja. Mackrine alikuwa ameinua vijiti, anamtazama, hapigi. Joviana alikuwa ameshaanza kuinama mbele.

Elpidius akafunga mdomo, akangoja.